Mguu wa Kushoto: Hotuba kwa Madereva Kuhusu Mwendo wa Polepole

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, madereva wa taksi na wa malori, na ninyi vijana ambao bado mnabandika herufi L kwenye gari, nawasalimu nyote na nawashukuru kwa kunialika hapa Tororo. Mmeniomba nizungumze juu ya kuendesha gari la gia kwa mwendo wa polepole bila kulishtua. Mzee mmoja ameniuliza pale mlangoni kama jambo hilo linatosha kuwa hotuba nzima, kwa kuwa kila mwenye pamiti analijua. Nimemjibu kwamba baada ya miaka 19 ya kuendesha gari la wagonjwa bado naliona kuwa jambo gumu kuliko yote katika udereva, na kwamba kwenda kilomita 80 kwa saa kwenye lami iliyonyooka ni kazi ndogo ukilinganisha na kwenda kilomita 5 kwa saa ukiwa umembeba mtu aliyevunjika mfupa.

Nianze na mtu huyo. Usiku mmoja, nikiwa na mwaka mmoja tu katika kazi ile, tulimchukua kijana aliyeanguka kutoka juu ya mparachichi katika vijiji vya mlima Elgon, paja lake likiwa limevunjika, tukamteremsha kwenda Mbale. Sehemu ya kwanza ya njia ilikuwa ya udongo, yenye mashimo na makorongo, nami nilidhani kwamba hapo ndipo alipoteseka. Tulipofika, muuguzi aliyekaa naye nyuma alinivuta kando akaniambia, kwa heshima lakini bila kunificha, kwamba mgonjwa alilia zaidi tulipoingia mjini penye lami. Shimo lilimpa ishara, kwa maana gari liliinama kidogo kabla ya kugonga, naye akapata nafasi ya kujikaza. Lakini kila nilipobadilisha gia au kuondoka kwenye makutano, mshtuko ulimjia bila taarifa. Nilikuwa nimejihesabu kuwa dereva mzuri kwa sababu sikuwahi kugonga mtu wala kitu. Tangu usiku ule nilianza kujifunza upya mguu wangu wa kushoto, na mengi nitakayosema leo nimeyapata huko.

Hatuwezi kuutawala mguu huo kama hatujui unafanya nini chini kule. Injini ina sharti moja: ikiwa imewaka, haiwezi kuzunguka polepole mno. Injini nyingi za magari madogo, zikinguruma zenyewe pasipo kukanyagiwa mafuta, huzunguka kati ya mara 700 na 900 kwa dakika, na zikilazimishwa kushuka chini zaidi ya hapo hutetemeka kisha huzimika. Magurudumu hayana sharti hilo, kwani yanaweza kusimama kabisa. Kwa hiyo kila gari linapoondoka kuna kitambo kifupi ambapo upande mmoja unazunguka na upande wa pili umesimama, na lazima pawepo mahali pa kuzipatanisha pande hizo mbili. Mahali hapo ni klachi. Flaiwili huzunguka pamoja na injini, klachi pleti imeshikamana na mhimili unaoingia kwenye giaboksi, na presha pleti huzibana hizo mbili kwa nguvu ya springi. Ukikanyaga, zinaachana, ukiachia, zinabanana, na katikati ya kuachana na kubanana kuna nafasi ndogo ambamo zinasuguana, moja ikiivuta nyingine taratibu mpaka zote zizunguke kwa mwendo mmoja. Nafasi hiyo ndogo ndiyo tunayoiita balansi, na ulaini wote wa kuondoa gari umo ndani yake.

Sasa angalieni ukubwa wake. Kanyagio la klachi husafiri urefu wa kiganja kutoka sakafuni hadi juu, lakini sehemu inayoshika haizidi sana sentimita 2 au 3. Chini yake ni utupu, na juu yake pia ni utupu. Kosa ninaloliona kwa wanafunzi wengi, na hata kwa madereva wa miaka 10, ni kutumia subira mahali pasipohitaji subira: wanapandisha mguu polepole kabisa katika ule utupu wa chini, gari halisogei, roho inaanza kuwapanda, na mara tu klachi inapoanza kushika wanauachia mguu wote kana kwamba kazi imekwisha, ilhali ndiyo kwanza inaanza. Gari linaruka, au linazimika. Afadhali ufanye kinyume chake. Pandisha mguu kwa wepesi mpaka pale inapoanza kushika, halafu simama hapo. Utajua umefika kwa sababu sauti ya injini itazama kidogo, pua ya gari itanyanyuka kama ng'ombe anayetaka kuamka, na mpini wa gia utatetemeka. Usiongeze, usipunguze. Acha gari lianze kujiviringisha, lipate mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka, ndipo umalizie kuachia, kisha uweke mguu pembeni.

Kwa nini mwendo wa mtu anayetembea? Nitawapa hesabu ambayo kila mmoja anaweza kuifanya nyumbani. Katika gari dogo la kawaida, gia ya kwanza pamoja na gia za kwenye ekseli hupunguza mzunguko wa injini kwa karibu mara 14 au 15. Injini ikizunguka mara 800 kwa dakika bila mafuta, gurudumu huzunguka kama mara 55. Gurudumu likizunguka mara moja hutembea karibu mita 2. Jumla inakuwa zaidi kidogo ya mita 100 kwa dakika, yaani kilomita 6 hivi kwa saa. Huo ndio mwendo ambao gari lako linautaka katika gia ya kwanza bila kuguswa. Ukimalizia kuachia klachi gari likiwa na kilomita 2 kwa saa, injini italivuta kwa nguvu liende 6, na abiria wataangukia nyuma. Ukisubiri lifike 6, pande mbili zitakuwa zimekwisha kukubaliana, na hakuna atakayejua ni lini uliachia.

Nimesema bila kuguswa, na hapa nataka kukaa kidogo, maana hapa ndipo mguu wa kulia unapoharibu kazi ya mwenzake. Gia ya kwanza huzidisha kila kitu. Ukikanyaga mafuta kwa unene wa ukucha, nguvu inayofika kwenye magurudumu ni kubwa, na ukiachia kwa unene ule ule, injini inageuka kuwa breki kali. Zaidi ya hayo, kati ya injini na magurudumu kuna nafasi ndogondogo katika meno ya gia na katika viungo vya shafti, ambazo hujazwa upande mmoja unapokanyaga na kujazwa upande wa pili unapoachia, na kila zinapogeuka upande husikika kishindo. Halafu huja jambo ambalo wengi hawalitambui: gari likiruka mbele, mwili wa dereva unarudi nyuma na mguu wake unaondoka kwenye mafuta, gari linapunguza, mwili unakwenda mbele na mguu unakanyaga tena. Dereva hajakusudia lolote, lakini sasa yeye na gari wanatikisana kama watoto wawili kwenye bembea, na abiria walio nyuma wanagonganisha vichwa.

Ikikutokea hivyo, usipigane nayo kwa mguu wa kulia. Kanyaga klachi kidogo tu, mpaka balansi, uukate ule mtikisiko, kisha iachie tena taratibu. Na ili isikutokee, kisigino cha kulia kikae sakafuni daima, na ubavu wa kiatu uegemee ukuta wa katikati kama gari lako linao, ili mguu usitikiswe pamoja na mwili. Ndiyo maana mimi siwaruhusu wanafunzi wangu kuvaa ndara: kisigino kinachoteleza ndani ya kiatu hakiwezi kupima milimita. Kiti nacho kisogezwe mpaka uweze kukanyaga klachi hadi mwisho huku goti likiwa limebaki na mkunjo. Dereva anayenyoosha mguu wote anatumia nyonga kupandisha klachi, na nyonga haina ustadi wa kifundo cha mguu.

Wenye magari ya dizeli wana bahati katika jambo hili, kwa sababu injini yao ina kidhibiti kinachoongeza mafuta chenyewe mzunguko unaposhuka, hivyo gari linaweza kutambaa siku nzima bila mguu wa kulia. Magari ya petroli ya siku hizi, yenye kompyuta ya kupulizia mafuta, nayo hujilinda vizuri. Gari la zamani la kabureta litahitaji kusaidiwa kidogo, na dereva wake atazoea.

Ndugu zangu wa malori, hili linawahusu hasa. Mnaujua msururu wa malori kwenye mpaka wa Malaba pengine kuliko mnavyozijua nyumba zenu. Lori lenye ekseli 7, ambalo sheria ya Afrika Mashariki inaliruhusu kufikia tani 56, likisogea mita 10 na kusimama, kisha mita 10 na kusimama tena, kila safari hiyo ni uzito wote huo kuvutwa kutoka kwenye kusimama, na joto lote la msuguano linaishia katika klachi pleti. Nimewaona madereva wanaokimbilia kuziba nafasi kila lori la mbele linaposogea, wakakanyaga breki, wakasubiri, wakakimbilia tena. Shauri langu ni kwamba mwache wa mbele aende. Subiri nafasi ifunguke ya kutosha, weka gia ya chini kabisa, iachie klachi bila mafuta, na utambae polepole kiasi kwamba utakapofika alipokuwa atakuwa amekwisha kusogea tena. Katika saa moja utakuwa umekanyaga klachi mara chache tu, na utafika mpakani dakika ile ile ambayo ungefika kwa kurukaruka. Ni kweli kwamba boda boda wataingia katika nafasi hiyo, na wa nyuma atapiga honi. Boda boda hawakucheleweshi, kwani wanapita tu. Na anayepiga honi hana pengine pa kwenda.

Wenye taksi mtasema kwamba katika jamu ya Kampala hakuna anayekuachia nafasi ya kutambaa. Nakubali kwamba ni vigumu pale mnapotoka kwenye Old Taxi Park saa kumi na moja jioni. Lakini hata nafasi ya urefu wa gari moja inasaidia, na mahali pasipowezekana kabisa, basi simama kwa kweli: weka gia huru, vuta breki ya mkono, toa mguu kwenye klachi. Kukaa dakika nzima umekanyaga klachi na gia imeingia kunaichosha beringi ya klachi na kunauchosha mguu, na mguu uliochoka ndio unaoachia ghafla.

Niguse gia ya pili. Gari likishapita kilomita 12 au 15 kwa saa, gia ya kwanza haina kazi tena, na wanaoing'ang'ania ndio wanaosikika wakilia mtaa mzima. Mshtuko wa kubadilisha unatokana na hesabu ile ile. Katika kilomita 20 kwa saa, injini ya lile gari letu huzunguka mara 2,500 hivi kwa dakika kwenye gia ya kwanza, na mara 1,500 tu kwenye ya pili. Ukibadilisha na kuachia klachi upesi kabla injini haijashuka, inalisukuma gari mbele; kwa hiyo acha pumzi moja ipite. Unaposhuka kutoka ya tatu kwenda ya pili, mambo yanageuka, injini inatakiwa kupanda, na wewe unaisaidia kwa kugusa mafuta kidogo klachi ikiwa chini. Wazee walioendesha malori ya zamani wanajua kukanyaga mara mbili: klachi, gia huru, achia, gusa mafuta, klachi tena, gia. Walilazimika kufanya hivyo kwa sababu giaboksi zao hazikuwa na vile vipete vya kupatanisha mwendo wa gia, ambavyo Cadillac ya Marekani ilianza kuviweka kwenye magari yake mwaka 1928 na ambavyo leo vimo katika kila gari dogo la gia. Vijana hawalazimiki, lakini ningependa kila mmoja wenu ajifunze, kwa sababu anayejua kukanyaga mara mbili anaisikia injini kwa masikio na hahitaji kutazama saa za dashibodi.

Kwenye matuta, fanyeni kazi yote kabla. Breki kabla ya tuta, gia ya pili kabla ya tuta, klachi iwe imeachiwa kabla ya tuta, kisha gari lipite likivutwa kidogo na injini. Anayepanda tuta huku amekanyaga klachi na breki pamoja anawarusha abiria mara mbili.

Mlimani ndipo klachi nyingi zinapofia. Yeyote aliyesimama kwenye mwinuko wa barabara ya kwenda Kapchorwa nyuma ya lori lililozimika, au kwenye miinuko ya Kololo jijini, anaijua ile hofu ya kurudi nyuma. Hofu hiyo inamfanya dereva aongeze mafuta mengi na kulishikilia gari kwa balansi, likining'inia hapo bila kwenda mbele wala nyuma, naye anaona huo ni ufundi. Kwa kweli wakati ule nguvu yote ambayo injini inaitoa inageuka kuwa joto katika klachi pleti, maana gari halijasogea hata inchi moja. Ile harufu kali inayowafanya abiria wafungue madirisha ni pleti inayoungua. Dakika chache za namna hiyo zinaweza kuifanya ing'ae kama kioo, na pleti inayong'aa haishiki tena kwa ulaini: inateleza, kisha inashika kwa kishindo. Kuibadilisha ni lazima giaboksi ishushwe, na siku hiyo nzima taksi haina mapato, ingawa mwenye gari bado anaidai hesabu yake ya siku.

Tumieni breki ya mkono, haikuwekwa kwa ajili ya kuegeshea tu. Gari likiwa limesimama mlimani na breki ya mkono imevutwa, weka gia ya kwanza, ongeza mafuta kidogo mpaka sauti ya injini ikaze, pandisha klachi hadi balansi. Hapo gari litakuambia: pua inainuka na mkia unakaa, kwa kuwa injini inataka kwenda na breki inaizuia. Ukilisikia hilo, na si kabla yake, shusha breki ya mkono taratibu huku mguu wa kushoto ukiwa palepale. Gari litaondoka bila kurudi hata upana wa kidole. Niliifanya hivyo kila siku nikiwa na akina mama wenye uchungu wa kuzaa nyuma yangu, katika Land Cruiser zito, na nilipopewa gari jipya klachi ya lile la zamani ilikuwa bado nzima.

Wakati wa kuteremka kuna desturi moja ambayo naomba tuiache leo. Wapo wanaoweka gia huru mteremkoni wakiamini kwamba wanaokoa mafuta. Katika injini za kisasa zinazopuliziwa mafuta na kompyuta, gari likiteremka ndani ya gia na mguu ukiwa nje ya mafuta, kompyuta hufunga mafuta kabisa, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Lakini ukiweka gia huru, injini inalazimika kuunguza mafuta ili isizimike. Kwa hiyo hakuna kinachookolewa, na breki zimeachiwa mzigo wote peke yake mpaka zipate moto na kukosa nguvu. Teremka katika gia ya pili, au ya kwanza penye ukali, ukiwa umeiingiza kabla mteremko haujaanza. Ukisikia mshtuko mdogo mwishoni, pale kompyuta inapofungua mafuta tena gari likikaribia kutambaa, uzime kwa kugusa balansi.

Barabara ya udongo mvua inaponyesha inahitaji neno moja tu: ondoka kwa gia ya pili, klachi taratibu, kwani gia ya kwanza ina nguvu nyingi mno na magurudumu yatachimba.

Limebaki la kusimama, ambalo shule za udereva hulipitia haraka. Klachi isikanyagwe mita 30 kabla. Iache injini ikusaidie kupunguza mwendo, uikanyage pale tu inapoanza kulalamika. Breki nayo iwe na nguvu mwanzoni na nyepesi mwishoni, na katika mita ya mwisho mguu ulegezwe kidogo, karibu kuiachia, ili gari lisimame bila kurudi nyuma kwenye springi zake. Ule mrudio wa mwisho, ambao dereva hausikii kwa sababu ameshika usukani, ndio uliokuwa ukimfikia mgonjwa wangu pajani.

Ndugu mwenyekiti, naona jua limeanza kupungua, na nje kuna uwanja na magari mawili, moja la petroli na moja la dizeli, ambayo wenyewe wamekubali tuyatumie. Naomba waanze wale ambao hawajapata pamiti. Kila mmoja ataondoka na kusimama mara 10 kwa klachi peke yake, mguu wa kulia ukiwa juu ya breki au sakafuni, usiguse mafuta kabisa, nami nitakaa nyuma, mahali alipolala yule kijana, nisikilize.